Tafadhali hifadhi namba, si rangi

Wasomaji wangu, leo naomba tuache kidogo habari za seva na lugha mpya za programu. Nataka tuzungumze kuhusu namba moja tu: 115.

Ukifungua programu za simu zinazotumiwa kuwapima watoto vijijini, ndani yake hukosi kukuta sharti moja fupi. Mzingo wa mkono wa mtoto ukiwa chini ya milimita 115, onyesha nyekundu. Ukiwa kuanzia 115 hadi chini ya 125, onyesha manjano. Ukifika 125 au zaidi, kijani. Mistari mitatu ya msimbo. Mwanafunzi wa wiki ya pili angeiandika huku anakunywa chai.

Nasema mapema ili tusije tukakosana: sina ugomvi na sharti hilo. Limesaidia kuokoa watoto wengi. Ugomvi wangu ni na sisi waandishi wa programu. Tumechukua jibu la swali moja, "je, mtoto huyu aanze matibabu leo?", tukaligeuza kuwa jibu la swali jingine kabisa, "je, mwili wa mtoto huyu umejengwa kwa nini?" Na kibaya zaidi, wengine wetu tunaitunza rangi na kuitupa namba.

Kwa ambaye hajawahi kuuona, utepe wa MUAC ni ukanda mwembamba wenye rangi hizo tatu. Unazungushwa kwenye mkono wa kushoto wa mtoto wa miezi 6 hadi 59, katikati ya bega na kiwiko, mkono ukiwa umelegea. Haukazwi mpaka ngozi ikunjane, wala hauachwi ukaning'inia. Unasoma namba kwenye kidirisha, basi. Hauna betri, hauhitaji mtandao, na siku hizi hata akina mama wanafundishwa kuutumia wenyewe nyumbani.

Kwa nini mkono? Kwa sababu pale pana mfupa mmoja, misuli inayouzunguka, na mafuta chini ya ngozi. Mtoto akikosa chakula, mwili wake huanza kula akiba yake mwenyewe: mafuta, na misuli nayo. Mkono unapungua. Utepe unapima mafuta na misuli kwa pamoja, bila kukwambia kipi kimepungua kiasi gani.

Na unafanya kazi. Mwaka 2005 James Berkley na wenzake wa mradi wa utafiti wa KEMRI na Wellcome kule Kilifi walichapisha matokeo ya watoto zaidi ya 8,000 waliolazwa katika hospitali ya wilaya ya Kilifi. Walilinganisha utepe na kipimo cha uzito kwa urefu, wakaona kwamba utepe unatabiri kifo cha mtoto hospitalini vizuri angalau sawa na kile kipimo kingine, ambacho kinahitaji mizani, ubao wa kupimia urefu na hesabu. Utepe wa bei ya chini kabisa ukashindana na vifaa vya bei ghali, tena hapa hapa pwani yetu.

Sasa sikilizeni kisa hiki cha hifadhidata. Zamani mpaka wa utapiamlo mkali haukuwa 115. Ulikuwa 110. Mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani na UNICEF walitoa tamko la pamoja wakausogeza hadi 115. Chukua mtoto aliyepimwa mwaka 2008 akapatikana na milimita 112. Kwa kanuni ya siku ile, alikuwa na utapiamlo wa wastani. Kwa kanuni ya sasa, ana utapiamlo mkali. Kama programu ya wakati ule ilihifadhi neno "wastani" peke yake, mtoto yule amepotea. Huwezi kurudi nyuma ukahesabu upya, huwezi kulinganisha mwaka ule na mwaka huu, huwezi kujua kama hali ilizidi kuwa mbaya au ni mpaka tu uliohama. Namba 112 inachukua baiti chache. Kuitupa hakukuokoa chochote.

Kama unadhani hayo ni ya kale, tazama mwaka 2023. Mwongozo mpya wa Shirika la Afya Duniani uliingiza utepe kwa watoto wachanga pia, wa wiki 6 hadi miezi 6, na mpaka wao ni chini ya milimita 110. Sasa fikiria programu ambayo kwa miaka mingi ilikuwa ikikataa kipimo cha mtoto wa miezi minne kwa ujumbe wa "umri usiofaa". Muuguzi alikuwa na utepe mkononi, mtoto alikuwa mbele yake, na tarakilishi ikamwambia hapana. Kipimo hakikuandikwa popote. Mwandishi wa programu alifikiri anazuia makosa.

Haya, tuje kwenye mizani. Watu wengi huamini kilo kuliko utepe, maana kilo zinaonekana kama sayansi. Lakini kilo ni kipofu. Inajumlisha mifupa, misuli, mafuta, ini, maji na uji alioutoka kuunywa mtoto, kisha inakupa namba moja. Kuna utapiamlo ambao mtoto huvimba miguu, na wakati mwingine uso, kwa sababu ya maji yaliyokusanyika. Ndio unaoitwa kwashiorkor, jina ambalo daktari Cicely Williams alilipeleka kwenye majarida ya tiba miaka ya 1930 akiwa Gold Coast, ambayo sasa ni Ghana. Mtoto huyu anaweza kuwa katika hatari kubwa ya kufa huku mizani inamsifu. Akianza kupona, uvimbe unapungua na uzito wake unashuka. Yaani grafu inateremka wakati mtoto anapanda.

Kwa hiyo ukiandika kengele ya "uzito umeshuka, mtoto yuko hatarini" bila kisanduku cha uvimbe wa miguu, umeandika kengele itakayolia siku mtoto anapoanza kupata nafuu, na itakayonyamaza siku anapojaa maji. Hilo si kosa la muuguzi. Ni la programu.

Kipimo cha uzito kwa urefu kinajaribu kuwa mwerevu zaidi. Tangu mwaka 2006 dunia inatumia viwango vya ukuaji vya Shirika la Afya Duniani, vilivyotokana na watoto wa nchi sita: Brazil, Ghana, India, Norwei, Omani na Marekani. Kwa kila urefu kuna namba tatu, L, M na S. Unagawanya uzito wa mtoto kwa M, unapandisha kwa kipeo L, unatoa 1, kisha unagawanya kwa L mara S. Unapata alama ya Z. Chini ya -3 ni utapiamlo mkali. Mpaka hapo mwandishi wa programu anafurahi, maana ni fomyula safi.

Lakini kuna mambo mawili ambayo wengi hawayasomi. Kwanza, ukivuka -3 au +3, fomyula hiyo haiendelei hivyo hivyo. Kuna marekebisho yanayotumia umbali kati ya mchepuko sanifu wa 2 na wa 3. Na huko chini ya -3 ndiko waliko watoto tunaowahangaikia! Pili, mtoto wa chini ya miaka 2 hupimwa urefu akiwa amelala, na aliyezidi hupimwa akiwa amesimama. Ukimpima mtoto mkubwa akiwa amelala, unatoa sentimita 0.7. Ukimpima mdogo akiwa amesimama, unaongeza 0.7. Hizo milimita saba zinatosha kumhamisha mtoto aliye mpakani. Sasa jiulize: je, jedwali lako lina safu inayosema mtoto alikuwa amelala au amesimama? Kama haina, huna urefu. Una makisio.

Halafu kuna jambo ambalo hakuna fomyula inayoliona. Mwaka 2009 Mark Myatt na wenzake walichapisha utafiti kuhusu watoto wa Ethiopia. Watoto wa jamii za wafugaji wana miguu mirefu na kiwiliwili kifupi kuliko watoto wa jamii za wakulima. Miguu ni miepesi kuliko kiwiliwili. Kwa hiyo watoto wawili wenye afya sawa na urefu sawa hawawi na uzito sawa, na yule wa wafugaji anaonekana amekonda zaidi kwenye alama ya Z. Utepe wa mkononi hauyumbishwi sana na umbo la mwili. Wafugaji tunao hata sisi, kuanzia Turkana hadi Mandera. Ukiona kaunti mbili kwenye ramani, moja nyekundu na moja manjano, usikimbilie kusema njaa ya huku imezidi ya kule. Uliza kwanza ni kipimo gani kilichopakwa rangi.

Mpaka hapa msomaji mmoja atasema: basi tupime mwili wenyewe! Tujue mafuta kiasi gani, misuli kiasi gani, tumalize maneno. Swali zuri. Tuone inavyofanyika.

Njia inayoheshimiwa sana kwa watoto wadogo ni ya maji mazito. Haidrojeni ina ndugu yake mzito zaidi anayeitwa deuteriamu. Hana mionzi, na yumo kwa kiasi kidogo sana katika maji yote tunayokunywa. Shirika la Kimataifa la Nishati ya Atomiki lenye makao Vienna limekuwa likizisaidia nchi nyingi kuitumia njia hii. Mtoto anakunywa kipimo kidogo cha maji yenye deuteriamu, kilichopimwa kwa uangalifu. Unasubiri saa chache mpaka yachanganyike na maji yote ya mwilini. Unachukua mate kwa pamba. Maabara inapima deuteriamu imepungukiwa nguvu kiasi gani. Ni kama kutia kikombe cha soda ya rangi kwenye pipa la maji: ukiona rangi imefifia kiasi gani, unajua pipa lina lita ngapi.

Sasa una maji ya mwili, lakini bado huna misuli wala mafuta. Mafuta hayana maji ndani yake, kwa hiyo unachukulia kwamba maji yote yako kwenye sehemu ya mwili isiyo mafuta. Kwa mtu mzima maji ni karibu asilimia 73 ya sehemu hiyo. Kwa mtoto aliyezaliwa leo ni karibu asilimia 80, na hupungua jinsi anavyokua. Unagawanya, unapata mwili usio mafuta. Unatoa kwenye kilo, kinachobaki unakiita mafuta. Umeona? Hata hapo hukuyapima mafuta. Umeyapata kwa kutoa.

Tufanye hesabu ya mfano. Mtoto ana kilo 8 na maji ya mwili kilo 5.4. Ukichukulia asilimia 79, mwili usio mafuta ni kilo 6.84 na mafuta ni kilo 1.16. Lakini utapiamlo hubadilisha maji ya mwili. Tuseme kwake kiwango halisi ni asilimia 82. Sasa mwili usio mafuta ni kilo 6.59 na mafuta ni 1.41. Mtoto ni yule yule, mate ni yale yale, na mafuta yameongezeka kwa gramu 250, zaidi ya moja ya tano, kwa sababu tu ya namba moja tuliyoiandika ndani ya programu.

Njia nyingine ni ya kupitisha umeme mdogo usioumiza, kutoka mkononi hadi mguuni, na kupima upinzani. Umeme hupita vizuri kwenye maji yenye chumvi na vibaya kwenye mafuta. Kifaa kinabebeka na kinatoa jibu kwa sekunde. Tatizo ni kwamba kinachopimwa ni upinzani tu. Asilimia ya mafuta inayotokea kwenye kioo ni fomyula iliyotengenezwa kwa watu fulani, mara nyingi wenye afya. Mtoto aliyevimba miguu ana maji mengi pale pale umeme unapopita, na fomyula inadanganyika. Mashine ya kumpima mtoto kwa hewa ndani ya chumba kidogo nayo ni nzuri, lakini ile ya wachanga hufika karibu kilo 8 tu. Mashine ya eksirei inahitaji mtoto atulie kabisa. Jaribu kumtuliza mtoto wa mwaka mmoja mwenye njaa. Na kile kifaa cha kubana ngozi ili kupima unene wa mafuta yaliyo chini yake ni rahisi, lakini mikono ya wapimaji wawili hutoa namba mbili.

Kwa hiyo hakuna anayepima mwili wa mtoto aliye hai moja kwa moja. Kila njia inapima kitu kingine, kisha inakisia. Sisemi hivyo ili kudharau vipimo hivi. Vikitumika mahali pake, vina thamani kubwa.

Mfano ni Burkina Faso. Kwa miaka mingi kulikuwa na hofu kwamba vyakula vya kutibu utapiamlo, hasa vile vya siagi ya karanga, vinawanenepesha watoto kwa mafuta tu. Mizani haikuweza kujibu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 uliwafuata watoto 1,609 wa miezi 6 hadi 23 wenye utapiamlo wa wastani, kwa wiki 12 za chakula cha nyongeza, na ukatumia deuteriamu. Waliongeza wastani wa kilo 0.9, na asilimia 93.5 ya ongezeko hilo haikuwa mafuta. Hofu ile ikakosa pa kusimama. Tena waliopewa siagi ya karanga walijenga mwili usio mafuta zaidi kidogo kuliko waliopewa unga wa mahindi na soya. Hilo ni swali ambalo utepe na kilo haviwezi kulijibu hata ukiwapima watoto milioni moja.

Na swali hilo si la wasomi peke yao. Kule Blantyre, Malawi, watafiti waliwatafuta watoto waliotibiwa utapiamlo mkali, miaka 7 baada ya matibabu, wakachapisha matokeo mwaka 2016. Watoto hao walikuwa hai, wanaendelea kurefuka. Lakini ukiwalinganisha na wenzao, walikuwa na misuli michache na nguvu ndogo ya kushika kwa mkono. Kwenye hifadhidata ya kliniki, siku walipotoka, wangeandikwa "amepona", na faili likafungwa. Mwili haukufunga faili.

Ndiyo maana nasema: utepe ubaki kuwa wa kuamua, maji mazito yabaki kuwa ya kuchunguza kama chakula chetu kinajenga mwili wa namna gani, na sisi wa programu tuache kuchanganya kazi hizo mbili. Sihitaji kila zahanati iwe na kifaa cha umeme. Nahitaji kila zahanati iwe na utepe, mizani inayosoma sawasawa, na programu isiyoharibu kilichosomwa.

Maombi yangu kwenu, waandishi wenzangu, ni manne.

Kwanza, hifadhi kilichosomwa, kama kilivyosomwa. Milimita 114, si "nyekundu". Rangi ihesabiwe wakati wa kuonyesha, na kanuni iliyotumika iandikwe pamoja na mwaka wake. Na usiweke kisanduku cha sentimita kisichokubali desimali, maana 11.4 ikigeuka 11 na 11.6 ikigeuka 12, hiyo milimita 115 utaitafuta wapi?

Pili, hifadhi jinsi kilivyosomwa. Amelala au amesimama. Ana uvimbe wa miguu yote miwili au hana. Tarehe ya kuzaliwa inajulikana kwa kijitabu cha kliniki au imekisiwa. Kama ni kifaa cha umeme, hifadhi upinzani wenyewe, si asilimia ya mafuta peke yake. Fomyula bora ikija miaka mitano ijayo, upinzani utahesabiwa upya. Asilimia itabaki kuwa asilimia.

Tatu, usifute mtoto kwa sababu namba yake inakushangaza. Kwenye uchambuzi wa tafiti kuna kanuni ya kuweka kando alama za uzito kwa urefu zilizo chini ya -5 au juu ya +5, kwa kuwa huenda ni makosa ya kupima. Sawa, kwa takwimu za utafiti. Lakini kuna programu zinazochukua kanuni hiyo na kumkatalia muuguzi kuingiza kipimo. Mtoto wa -5.2 anaweza kuwa kosa la mizani, na anaweza kuwa mtoto anayekufa. Mwambie muuguzi apime tena, kisha pokea atakachosema.

Nne, usionyeshe usichokijua. Kama fomyula yako haikujaribiwa kwa watoto wenye utapiamlo, usiandike "mafuta asilimia 14.3" kwenye kioo. Desimali hiyo inamfanya mtu aamini. Hili nawaambia pia wanaotengeneza programu za kumpima mtoto kwa picha ya simu. Kama mashine imefundishwa kukisia kilo na urefu, itajifunza kilo na urefu, pamoja na upofu wake wote. Itamwona mtoto mwenye miguu mirefu kama mizani inavyomwona, ila kwa haraka zaidi.

Najua pingamizi litakalokuja. Muuguzi ana foleni ndefu nje, na wewe unamwongezea visanduku! Ni kweli, na programu yoyote inayoufanya utepe uwe wa polepole ni programu mbovu. Lakini hebu angalia fomu zetu. Tunamtaka aandike umri kwa miezi ilhali tarehe ya kuzaliwa tunayo. Tunamtaka achague rangi ilhali namba ameshaiandika. Tunamtaka aandike alama ya Z aliyoitafuta kwenye jedwali la ukutani. Ondoa hayo yote, tarakilishi iyafanye. Visanduku nilivyoomba vitapata nafasi na nyingine itabaki.

Pingamizi la pili lina uzito zaidi: kuhifadhi mengi ni kuhatarisha siri za watu. Nakubali. Sheria yetu ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inahesabu habari za afya kuwa nyeti, na ya mtoto yanataka ridhaa ya mzazi. Lakini kutupa namba na kubakiza jina na rangi hakulindi siri ya mtu yeyote. Kinacholinda ni kutenganisha majina na vipimo, na kuwapunguza wanaofungua faili.

Tuangalie tulipo. Utafiti wa taifa wa mwaka 2022 ulikuta asilimia 18 ya watoto wetu wa chini ya miaka mitano wamedumaa, na asilimia 5 wamekonda kupita kiasi. Udumavu ulikuwa asilimia 26 mwaka 2014, kwa hiyo kuna kazi iliyofanyika na wanaostahili shukrani wapo. Lakini swali la hawa waliobaki, na la wale waliopona, ni kwamba miili yao inajengwa kwa nini. Mtu atakuja na njia ya kulijibu, labda ni kijana anayesoma Maseno au Moi leo. Atahitaji vipimo vya miaka 10 iliyopita. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta huu haujengeki, kwa sababu mtoto wa miezi 9 hapimwi tena akishafika miaka 10.

Basi kama una programu ya aina hii mikononi mwako, fungua jedwali lake leo jioni. Tafuta safu ya mkono. Ukikuta namba, hongera. Ukikuta rangi, kazi unayo, na ianze kabla kliniki ya kesho haijafunguliwa.

Nyie mnaonaje? Wauguzi mnaosoma hapa, hasa nyinyi, niambieni ni kisanduku gani kinachowapotezea muda zaidi. Nitawasikiliza.